Samaki wa Mama Mkwe

Mgeni akiingia kwangu kwa mara ya kwanza huuliza maswali mawili, na hayabadilishi zamu: maji haya yote mliyapandishaje ngazi, na hawa samaki wanaliwa lini. Swali la kwanza hulijibu kwa upole. La pili nililijibu kwa upole mwaka wa kwanza tu. Siku hizi nasema wanaliwa Krismasi, mtu anaridhika, tunakunywa chai.

Tangi limeshika ukuta mzima wa sebule, ghorofa ya pili, Mwihoko. Ni bahari kamili: maji ya chumvi, mchanga mweupe, mawe ya matumbawe yenye uhai wake, na taa ya buluu inayowafanya wapita njia wadhani tumefungua baa. Hakuna aliyenituma. Mimi ni fundi wa pampu katika kiwanda kimoja huko Thika. Mchana kutwa nasukuma maji ya watu wengine kwenye mabomba ya watu wengine, na siku moja nikaamua nisukume ya kwangu. Hilo ndilo jibu ninalowapa watu. Ukweli ni kwamba katika jengo lile zima, tangi lilikuwa mahali pekee ambapo mimi ndiye niliyeamua nani aishi na nani.

Jengo lenyewe ni la mama mkwe wangu. Baba mkwe alilijenga kwa jasho lake, akalimaliza, akafa. Watoto wao wengine wako ng'ambo, na mke wangu akaniomba tukakae na mama yake kwa muda kidogo, mpaka azoee. Mama mkwe anakaa chini, nyuma ya duka ambamo mke wangu hushona sare za shule. Ghorofa ya kwanza kuna mpangaji, na ya pili tuko sisi. Huo muda kidogo umewatosha wanangu kung'oka meno ya utoto na kuota mengine.

Sasa, mimi ni mtu wa magharibi mwa Kenya, na kwetu mama mkwe ni moto wa kuotea mbali. Humpi mkono. Huli naye meza moja. Hukalii kiti alichokikalia. Zaidi ya yote, hulali chini ya paa moja naye. Mama yangu mzazi aliposikia tumehamia Mwihoko aliniuliza kwenye simu mama mkwe wangu analala wapi. Nikasema chini. Na nyinyi? Juu. Akataka kujua kama katikati kuna paa. Nikamweleza habari ya slabu, zege nene lenye nondo za kutosha, halafu nyumba ya mtu mwingine, halafu slabu nyingine, ndipo sisi. Akasema ngoja. Nyumbani wazee walikaa kikao, na sisemi kwa mzaha, walikaa kitako wakajadili slabu. Uamuzi ukaja kwamba slabu ni sakafu. Paa ni yale mabati ya juu kabisa, na mabati yetu ni mamoja. Mama akaniambia hatakanyaga hapo mpaka nihame. Hakuwa na hasira. Alisema vile mtu anavyokuambia kwamba nje kunanyesha.

Na hakukanyaga. Mwanamke aliyebeba kuku kwa miguu kwenda kuona nyumba ya kila mtoto wake hakuijua yangu. Alipokuja Thika kwenye kliniki ya macho alifikia kwa binamu yangu, nami nikawa nakwenda kumwona huko, nakaa ukingoni mwa kochi la watu nikiwa na soda mkononi kama mgeni. Aliniuliza mara moja wanangu wanalala upande gani wa nyumba, jua linawaamsha au la, nikamchorea kwa kidole kwenye mkono wa kochi. Jambo hilo liliniuma na linaniuma nikilisema. Sikutaka kingine ila mama yangu aingie kwangu, avue viatu, alale kwenye kitanda nilichokinunua mimi.

Nyumba ya kuhamia nilikuwa nimeipata. Mzee mmoja tuliyefanya naye kazi kabla hajastaafu alikuwa na ya kupangisha Thika, upande wa mto Chania, yenye uwanja mdogo mwembamba wa nyasi. Ukinyamaza unasikia maporomoko. Alikuwa ananishikia.

Kilichobaki ni kumwambia mama mkwe. Mimi nilimwambia mke wangu amwambie kwa kuwa ni mama yake. Yeye akaniambia nimwambie kwa kuwa ndiye ninayetaka kuhama. Kwetu, mwanamume hasimami mbele ya mama mkwe akamtangazia kwamba nyumba yake imemchosha. Kwao, binti hamwachi mjane peke yake kwenye jengo la wapangaji na kuendelea kusalimiwa vizuri kanisani. Tulizunguka hapo kama ng'ombe wa kinu. Aliyesema heshima si utumwa hakuwahi kuishi ghorofa mbili juu ya mama mkwe wake.

Basi nikawa napanga samaki.

Niliwanunua Thika, kwa mama mmoja mwenye duka la dawa za mifugo. Mbele anauza chakula cha kuku na dawa ya kupe. Nyuma ya pazia ana matangi ya bahari, na samaki humfikia kutoka pwani kwa basi la usiku, ndani ya maboksi meupe. Ukimwuliza bei kabla ya kuuliza tabia anakuona mshamba. Nilikuwa nikimwonyesha samaki mrembo, naye ananiuliza tena na tena: huyu anakula nini, anaficha wapi kichwa, na anamchukia nani. Yule wa manjano kama kitambaa cha harusi anakula matumbawe yako ukiwa kazini. Yule mwenye miiba ya kifalme humeza kila kinachoingia mdomoni mwake, kisha anakutazama kama hajui lolote. Yule wa buluu anayependwa na kila mtu anahitaji uwanja wa kukimbia, na wewe una sebule.

Alinifundisha pia kwamba wanyonge hutangulia. Samaki anayeingia kwanza huihesabu nyumba kuwa yake, kwa hiyo unamtia kwanza mwoga, ajue pembe zake na maficho yake, na mkorofi anakuja mwisho akiwa mgeni. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na samaki vilevile. Ila kuna jambo alilonionya nalo kwa kunishika mkono kabisa: samaki akishaingia kwenye mawe, amekwisha kuingia. Humtoi kwa wavu wala kwa ujanja. Siku ukitaka kumtoa utabomoa nyumba yote, jiwe baada ya jiwe.

Kwa hiyo nilichagua taratibu kuliko nilivyochagua mke, na mke wangu analijua hilo. Wa kwanza wakawa wawili ambao nilikuwa nimewaota muda mrefu. Mmoja ni gobi, samaki mwembamba wa rangi ya mchanga mwenye mistari ya kahawia. Wa pili si samaki. Ni kamba, yule mdudu wa bahari ambaye hotelini huitwa pronzi, ila huyu ni mdogo kama kidole gumba na karibu haoni kabisa. Kamba anachimba. Kutwa anachimba, anatoa mchanga nje kama mtu anayejenga kwenye ploti yake Jumamosi. Gobi hachimbi kitu. Anasimama mlangoni, anatazama huku na huku, na kamba akitoka na mzigo wake huacha kipapasio kimoja kimguse mwenzake mkiani. Gobi akitikisa mkia, wote wawili wametoweka shimoni. Hakuna aliyewafundisha, na mmoja bila mwenzake hafiki mbali. Nikitoka kazini nilikuwa nakaa mbele yao nikasahau kwamba nina njaa.

Baadaye nikatia samaki mmoja mwenye mkia mwekundu kama kaa linalowaka, mwoga kiasi kwamba ukipiga chafya anajificha. Mwisho wakaja wawili wa rangi ya machungwa, na ua lao la bahari lenye vidole, ambamo hulala. Hao watano, ukimhesabu kamba, walipatana. Hakuna aliyemtaka mwenzake ahame. Nikasema inatosha, nimefunga mlango.

Mama mkwe hakukubali kwamba inatosha. Alikuwa anapanda jioni, pole pole, akipumzika kwa mpangaji, kisha anaingia na kukaa kwenye kiti changu kilichoelekea tangi. Akishakaa pale, mimi kiti basi, mpaka mke wangu akipanguse na kukigeuza, na hata hapo nakikalia nusu nusu. Nilikuwa nasimama kwenye mlango wa jikoni, nyumbani kwangu, kama mhudumu anayengoja kuitwa. Yeye anazungumza na samaki kwa Kikuyu. Ni mwanamke aliyefuga tangu utotoni, na lile tangi lilimsumbua kama boma lililojengwa vizuri halafu likatiwa mbuzi wawili. Alimwambia mke wangu, nikisikia, kwamba nafasi ile yote ni hasara, na kwamba huenda muthoni wake anaona haya kusema hana uwezo. Muthoni ni mimi. Ndivyo wanavyomwita mkwe.

Halafu kina mama wa kanisa lao wakaenda ziara ya Mombasa.

Alirudi Jumapili jioni. Nilimsikia kwenye ngazi akipumua, nikatoka mlangoni, nikamwona amekumbatia mtungi wa lita tano uliotobolewa mfuniko. Alikuwa ameupakata tangu Mombasa, ndani ya treni, baada ya kubishana na askari wa pale kituoni waliotaka aonje yale maji. Watoto wakamzunguka. Akanitazama, uso wote unang'aa kwa uchovu na furaha.

“Muthoni,” akasema, “nimekuletea mtoto.”

Nikainamisha macho mtungini. Alikuwa mdogo kama ukucha, mweusi tititi, na nukta nyeupe kila ubavu na nyingine kwenye kipaji. Mzuri kupita kiasi. Nikamjua papo hapo. Wenye maduka humwita damseli, na yule mama wa Thika alikuwa na mmoja kama huyo kwenye tangi la peke yake, kwa sababu aliokuwa nao mwanzo wote walikufa.

Nilimtazama mke wangu. Mke wangu akatazama mapazia.

Sasa, mtu wa kwao akikuletea mbuzi, hakuachii mlangoni akaenda. Anasimama amwone mbuzi akiingia zizini na wenzake, ajue zawadi imepokelewa. Na mtu wa kwetu hamkatalii mama mkwe kitu alichokileta kwa mikono yake. Mila mbili zilizokuwa zimekosana kuhusu mambo yote, tangu mahari mpaka mazishi, zilipatana jioni ile moja dhidi yangu. Nikasema, “Asante sana, mama.”

Nilijaribu kuvuta muda. Nikaeleza kwamba samaki hamwagwi hivi hivi, lazima azoeshwe maji kidogo kidogo. Nilidhani atachoka, ashuke kulala, nami nipate pa kumficha. Akasema atangoja. Akanywa chai, akaongeza nyingine, akasimulia habari za bahari, na samaki akazoea maji vizuri kabisa. Nikammimina. Alizama moja kwa moja kwenye ufa wa jiwe la katikati, na mama mkwe akapiga makofi.

Mwezi wa kwanza alikuwa na adabu. Nikaanza kujiambia kwamba labda yule muuzaji alitia chumvi. Kisha akala, akanenepa, akawa kama sarafu, akawa kama kifuniko cha soda, na siku moja nikamkuta ndani ya lile ua, wenyewe wawili wa rangi ya machungwa wamejibanza nyuma ya pampu. Hawakurudi tena. Yule mwekundu mwoga alikimbizwa mpaka akapata upenyo mdogo pale nyaya zinapopita, akaruka nje. Nilimwokota asubuhi kwenye zulia, amekauka, nikamfunga kwenye karatasi ili watoto wasimwone.

Lakini walioniumiza ni wale wawili wa mchangani. Gobi alianza kusimama nusu mlangoni. Baadaye kichwa tu. Baadaye mlango ukawa mtupu siku nzima, mchanga umeporomoka, na kamba hachimbi kwa kuwa hawezi kutoka bila mlinzi. Nilichukua mrija mrefu nikawa nawapulizia chakula shimoni, na kabla hakijatua damseli amefika, amekila, amenigonga mrija. Niliunda mtego wa chupa. Waliingia wale wawili wa rangi ya machungwa. Yeye alizunguka nje akitazama. Siku hiyo nilipiga maji kwa kofi mpaka shati likalowa, na mke wangu, aliyekuwa anapasi, akasema bila kuinua uso kwamba hasira za mkizi furaha ya mvuvi. Nikamwuliza mkizi ni nani hapo. Akasema mwenye shati la maji.

Jioni mama mkwe anapanda kumwona mtoto wake. “Huyu ni mwanaume,” anasema, akimwangalia anavyowakimbiza wengine. “Ona vile anachunga hii boma.” Nami mlangoni pa jikoni najibu ndiyo, mama. Nilijichukia. Nilikuwa na umri wa kuwa na mvi, nina kazi, nina watoto, na nilikuwa nakubali kwa kichwa kila jioni huku vitu vyangu vinakufa mbele ya macho yangu. Nilipolala nilimwona gobi gizani kule ndani, akisikiliza.

Wakati huohuo habari zikaja pamoja. Kliniki ya Thika ikampa mama yangu tarehe ya kupasuliwa mtoto wa jicho, jicho la kushoto kwanza, na wakamtaka akae karibu nao juma zima baadaye. Binamu yangu alikuwa amehamishwa kikazi. Mama akasema atajua pa kulala, maana yake mabenchi ya hospitali. Na yule mzee wa Chania akanipigia, kwa upole, kwamba kuna mwalimu ameiona nyumba na anataka jibu, hawezi kunishikia zaidi ya mwisho wa mwezi.

Jumamosi iliyofuata mama mkwe alikwenda kwenye matanga Githurai, na mke wangu alikuwa dukani. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikaanza kubomoa. Nilijaza mabeseni ya kufulia, ndoo, sufuria ya pilau. Kila jiwe lilitoka likidondosha maji na harufu ya pwani, na damseli akahamia linalofuata, mpaka yakabaki mawili, mpaka likabaki moja. Nilimkamata kwa kichungi cha chai. Aliniuma kidole. Nikamtia kwenye ndoo peke yake, akaanza kuzunguka akitafuta wa kupigana naye.

Chini ya jiwe la mwisho niliwakuta. Gobi alikuwa amekonda, kichwa kikubwa kuliko mwili, na kamba alikuwa nyuma yake, kipapasio kimemgusa mkiani kana kwamba walikuwa karibu kutoka. Nilipiga magoti kwenye maji nikawatazama.

Ndipo mama mkwe akasimama mlangoni. Matanga yalikuwa yameisha mapema. Mimi nilikuwa peku, suruali magotini, nimelowa, mbele ya mama mkwe, hali ambayo kwetu ingegharimu kondoo. Alitazama mabeseni yaliyojaa sebule, mawe, tangi lililokauka nusu.

“Muthoni,” akasema, “mnahama?”

Ningeweza kucheka. Ningeweza kusema naosha tu. Nilimwonyesha ndoo. “Mama, huyu samaki anapiga wenzake. Mmoja alikufa. Hawa wawili hawajakula sijui tangu lini.”

“Alianza lini?”

“Kitambo.”

“Na mbona hukuniambia?”

“Sasa ningekuambiaje, mama?”

“Na mdomo,” akasema.

Akaruka beseni moja, akazunguka lingine, akakaa kwenye kiti changu. Akanitazama akiningoja, na nikaona hana haraka. Maji yakimwagika hayazoleki, na yangu yalikuwa yamefika mpaka korido. Nikamwambia yote, nikiwa bado nimepiga magoti kwa kuwa sikujua namna ya kusimama. Nikamwambia habari ya paa, ya wazee na slabu, ya mama yangu ambaye hajawahi kuona kitanda cha wanangu, ya jicho, ya nyumba ya Chania. Nilizungumza vibaya, nikirudia maneno. Sikuwa nimewahi kumwambia maneno mengi kiasi kile kwa mwaka mzima.

Alikunja leso yake, akaikunjua.

“Mimi siwezi kukuzuia,” akasema hatimaye. “Wewe ni mwanaume uko na boma yako. Lakini kwa vile umeniuliza, usihame. Hii nyumba ni kubwa sana. Nikisikia nyinyi mkitembea huko juu, ndio mimi hulala.”

Sikuwa nimemwuliza. Nilikuwa nimemweleza tu, lakini ukimweleza mtu jambo kama hilo umempa nafasi ya kujibu, na yeye alijibu. Kabla sijafungua mdomo nilikuwa mtu anayeweza kuhama. Ningepakia lori asubuhi, tungeitana wabaya kidogo, tungepoa. Sasa mama mkwe alikuwa ameniomba kitu, na ombi la mama mkwe halina jibu la pili. Nilisikia mlango ukifungwa, na mkono uliousukuma ulikuwa wangu.

Kisha akaniuliza mama anapasuliwa lini. Nikamwambia. Akasema nimlete pale. Nikaanza tena habari ya paa, akanikatiza kwa kiganja.

“Mimi niko na dada yangu Thika. Nitaenda kukaa kwake hiyo wiki yote. Nikiwa siko, si ni mabati tu?”

Nilisema nitawauliza wazee. Akasema niulize. Alipokuwa anatoka aliinama kwenye ndoo, akamtazama damseli kwa muda, akasema apelekwe kwake chini, apewe tangi lake mwenyewe, kwa sababu mtu mkali hupewa nyumba yake, hafukuzwi.

Usiku uleule, baada ya kurudisha mawe, nilimpigia mama. Nikamweleza. Kisha akauliza kama yule mama amesema hivyo mwenyewe, kwa kinywa chake. Nikasema ndiyo. “Atoke kwake, ndio mimi niingie?” Ndiyo, mama. Hakuwauliza wazee. Alisema nimwambie anakuja.

Walionana getini. Mama yangu alikuwa na jicho lililofunikwa, nimemshika mkono. Mama mkwe alikuwa na begi lake la ziara, kitambaa kichwani, tayari kwenda. Nilisogea kando kama inavyonipasa. Walishikana mikono yote miwili wakakaa hivyo, hawakusema mengi, kila mmoja kwa Kiswahili chake kilichovunjika upande wake. Mama mkwe akatoa ufunguo kifuani, akauweka kwenye kiganja cha mama, akamweleza habari ya samaki wa chini: anakula mara moja, kidogo tu, na usimwamini.

Siku ya tatu nilitoka kazini mapema. Nyumba ilikuwa kimya. Nikachungulia chumba cha watoto, nikamwona mama amelala ubavu kwenye kitanda cha binti yangu, mdomo wazi kidogo, viatu vimepangwa chini kwa uangalifu wa mtu aliye ugenini. Jua lilikuwa limemfikia miguuni. Nilisimama pale nikalia, si sana. Baadaye aliamka, akashuka ngazi kwa kupapasa ukuta, akaenda kumlisha damseli, akarudi akaniambia yule samaki ana hasira za haraka kama mtu fulani anayemjua.

Juu, gobi alikuwa amerudi mlangoni. Nilimwonyesha mama, na kwa jicho lake moja alimwona kamba kabla yangu.

Mama alipomaliza juma lake, mama mkwe alirudi kutoka Thika na ndizi. Wakakaa wawili dukani kwa mke wangu, mlango wazi, juu ya viti vya wateja, kwa sababu duka si nyumba na hakuna anayelala hapo. Niliwasikia wakipanga. Jicho la kulia ni baada ya mavuno, basi mama atakuja tena, na mwenzake ataondoka tena. Halafu Desemba, shule zikifungwa. Halafu mwaka hadi mwaka, Mungu akiwapa nguvu. Walikubaliana kila kitu, na hakuna aliyeniuliza.

Nilimpeleka mama kwenye basi. Nilimwambia kwamba ile nyumba ya Chania bado ipo, siku chache zimebaki, nikitaka naweza. Alikuwa amekwisha kupanda kidato cha mlango. Akageuka.

“Mwanangu,” akasema, “mtu akishatoka nyumbani kwake kwa ajili yako, wewe huwezi tena kutoka kwake.”

Niliposhuka Mwihoko nilisimama nje ya jengo. Taa ya buluu ilikuwa inawaka dirishani juu, na nyingine, ndogo, nyuma ya duka, ya tangi ambalo Jumamosi ningeingia kulibadilishia maji, ndani ya sebule ya mama mkwe, nikaribishwe chai na nisiweze kuikataa. Nikampigia yule mzee wa Thika, nikamwambia ampe mwalimu nyumba.

Akaniuliza kama nimepata nyingine. Nikamwambia ndiyo.